Bundi wa Reino Lahti

Reino Lahti aliendesha gari la kusukuma theluji mjini Duluth tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomgomea. Barabara zote zinazopanda kilima kile kutoka ziwani alizijua kwa makalio, kama anavyopenda kusema mwenyewe, na hakuna dhoruba iliyowahi kumkuta kitandani. Lakini mkasi wa chekechea, ule mdogo wenye ncha butu, ulimtoa jasho. Vidole vyake havikuingia kwenye matundu. Boga lake la kwanza la karatasi lilitoka kama kiazi kilichogugunwa na panya. Mjukuu wake Signe, mwenye miaka minne, akaligeuza huku na huku, akalipaka gundi, akalibandika kwenye friji bila kumwambia neno. Mtoto ana huruma yule.

Signe na mama yake, Britt, walikuwa wamehamia kwa mzee tangu Marlys, mke wake Reino, alipofariki. Britt ni muuguzi hospitalini, zamu zake hazina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilikuwa ya babu na mjukuu. Na humo ndani Signe alikuwa redio isiyozimwa. Aliongea akila, aliongea akivaa soksi, aliongea na kijiko. Mpitishe tu mlango wa nje sasa. Kinywa kilifungwa kikawa kama kimeshonwa. Kanisani, dukani, maktabani, hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, na watu walicheka wakasema ana haya tu, zitamwisha.

Hazikumwisha. Septemba alipelekwa chekechea, na hakusema hata kwamba amebanwa. Akajikojolea, akakaa hivyo hivyo kwenye kiti mpaka wazazi walipokuja kuchukua watoto. Mwalimu hakumfukuza, tuseme haki. Alimwambia Britt kwa upole kwamba amrudishe Novemba, wajaribu tena, ila ni lazima mtoto aweze kumwambia mtu mzima anachohitaji, la sivyo itabidi asubiri mwaka mwingine. Britt alilia garini, akajipangusa, akaenda kazini. Usiku ule akamwambia baba yake mezani, "Baba, mimi sitaki miujiza. Nataka amwambie mtu asiye sisi neno moja. Moja tu."

Reino akasema mwachie yeye. Aliposema hivyo hakuwa na mpango wowote, lakini ndivyo alivyo, kwanza anaahidi kisha anatafuta. Mpango aliupata kesho yake, alipoona majirani wanaanza kupanga maboga kwenye ngazi za mbele. Halloween, usiku wa mwisho wa Oktoba ambapo watoto hujivika mavazi ya kuigiza na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba pipi! Kazi rahisi kuliko hiyo iko wapi? Unagonga mlango, unasema maneno matatu, pipi au kituko, yaani nipe pipi au nikufanyie kituko, unalipwa papo hapo. Hata yeye aliyemaliza shule kwa kusukumwa angeiweza. Akaona akimfundisha mtoto hayo maneno nyumbani mpaka yamkae mdomoni, siku yenyewe yatatoka bila kuombwa.

Basi ikawa kila asubuhi meza ya jikoni inatandikwa magazeti. Walichovya viganja kwenye rangi nyeusi, wakavigandamiza karatasini vikawa buibui, kisha Signe akahesabu miguu na kumkaripia babu yake kwamba buibui wake ana miguu ya ziada. Walibandika pamba juu ya karatasi nyeusi, wakapata mizimu minene. Walipasua boga la kweli, na Signe, aliyekataa kabisa kugusa ule utelezi wa ndani, baada ya nusu saa alikuwa amezama humo mpaka viwikoni, anachambua mbegu, kubwa huku, ndogo kule, zilizovunjika kwa babu. Mbegu wakazikaanga na chumvi. Chumvi iliyobaki Reino akaimwaga kwenye sinia, na mtoto akawa anaandika S ya jina lake kwa kidole, anaifuta, anaiandika tena imegeuka. Mzee alikuja kugundua kwamba anazingoja asubuhi zile. Tangu Marlys aondoke alikuwa haamki na hamu ya kitu.

Lakini zote hizo zilikuwa sindikizo. Somo lenyewe lilikuwa milango.

Reino aliigeuza nyumba kuwa mtaa. Kila mlango wa ndani ulikuwa nyumba ya jirani, na juu yake duara la karatasi. Njano maana yake taa ya barazani inawaka, gonga. Nyeusi maana yake imezimwa, wenyewe hawataki wageni, pita zako. Bafuni aliishi Bi Gunderson mwenye sauti nyororo. Kwenye kabati la makoti waliishi vijana wawili na mbwa wao, na Reino ndiye aliyekuwa mbwa. Na mlango wa ngazi za kushuka chini, ule unaolia, ulikuwa wa Mzee Halvorsen, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima unamjua kwa ubahili wa pipi na wivu wa bustani. Signe aligonga na mfuko wake, babu akafungua akiwa amekunja uso, akanguruma, "Haya, moja moja. Na msikanyage bustani yangu."

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. "Pipi au kituko!" alipaza, na dirisha la jikoni likasikia. Bafuni alipaza, kabatini alipaza. Reino akaanza kujipongeza.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Signe alikuwa amechoka kugonga. Alitaka awe yeye Mzee Halvorsen. Reino alikataa. Somo ni kugonga na kuomba, akafikiri, mtu akiniingiza kwenye kufungua atanipotezea wiki nzima.

"Zamu yako ni kugonga, mama. Kufungua ni kazi ya wakubwa."

Signe akanuna. Siku moja mzee alimkuta amejibanza kwenye mlango ule wa chini, uso ameukunja, anawagawia wanasesere mbegu za boga kwa sauti nzito na kuwaonya juu ya bustani. Reino akacheka, akaenda kuweka kahawa, akasahau.

Yakabaki mavazi. Signe alitaka kuwa bundi. Ndiyo, bundi, ndege yule yule ambaye wengine wakimsikia juu ya paa hawalali. Kule Duluth watoto humpenda, usiniulize kwa nini. Reino alitoa mashati yake mazito ya miraba, yale aliyovalia garini miaka yote, akayakata manyoya. Signe aliyapanga kwa rangi, kahawia, kijivu, kahawia, kijivu, akikosea anayabomoa anaanza upya. Mzee alishona moja moja kwa mkono juu ya sweta ya mtoto, sindano ikamchoma hadi akajifunza adabu. Na likatoka vazi, jamani. Mabawa yalifunguka. Kichwani kofia yenye masikio na macho ya vifuniko vya mitungi ya jamu. Britt alipomwona bintiye ameliweka mwilini alishika mdomo. Lilimkaa kama alizaliwa nalo, halina pengo popote.

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa.

Kila mwanamke wa mji ule, na wanaume wengi pia, anajua kwamba nguo ya Halloween hushonwa juu ya koti la baridi. Unamvalisha mtoto koti lake nene, ndipo unapima. Marlys alimshonea Britt mavazi yake yote hivyo, malaika wanene, paka wanene, na picha zake bado ziko ukutani. Reino alipita mbele ya picha zile kila asubuhi akienda jikoni. Mtu aliyekula mkate wake kwa theluji maisha yote, akasahau theluji.

Ilianza kunyesha asubuhi ya siku yenyewe, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa kukusudia. Jioni mawe ya njia yalikuwa yamefunikwa. Reino akachukua koti la bluu la Signe, akajaribu kupitisha sweta ya bundi juu yake. Haikupita hata kichwani. Akajaribu kwa kuvuta, uzi ukaanza kulia. Akasimama katikati ya chumba na lile vazi mkononi, akajitukana kimoyomoyo matusi ya madereva. Kumtoa mtoto bila koti katika baridi ile asingethubutu, na kumvisha koti juu ya bundi ni kumfukia bundi mwenyewe. Signe alimtazama, akatoa mikono avishwe koti, na kofia ya koti ikafukia hata masikio ya bundi. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Wakatoka. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Gunderson, yule wa kweli. Taa inawaka. Signe aligonga vizuri kabisa. Bi Gunderson akafungua, akainama, akaona koti la bluu.

"Ehe, na wewe mpenzi ni nani leo?"

Signe akafungua kinywa. Reino aliona kabisa maneno yamefika pale kwenye meno. Kisha kinywa kikafungwa, macho yakateremka kwenye viatu. Reino akasema yeye, pipi au kituko, kwa sauti ya kizee, na Bi Gunderson akatia pipi mfukoni akisema masikini, ana haya. Nyumba ya pili ikawa vile vile. Walipofika kwenye njia ya tatu Signe akasimama, akamvuta babu yake mkono kuelekea nyumbani.

Walirudi. Theluji iliingia kwenye kola ya Reino asiitoe. Mwezi mzima, akawaza. Buibui, mbegu, milango, mwezi mzima, na muda si mrefu Britt angefika kutoka kazini, angemtazama usoni tu ajue. Novemba ilikuwa kesho. Roho ilimuuma mzee, na aliona kwamba ameiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumbani alimvua Signe koti. Manyoya yalikuwa yamelala upande, akayanyoosha. Aliwasha taa ya barazani, kwa sababu bakuli la pipi lilikuwa limejaa pale mlangoni na hakuona sababu zidode, akaenda jikoni kupasha maziwa ya kakao. Kengele ikalia. Akafoka peke yake kwamba subirini, akatafuta kitambaa cha kushikia sufuria. Akasikia kigoda kinaburutwa sakafuni. Akasikia kitasa.

Kisha akasikia sauti nzito iliyokunjamana ikisema, "Haya, moja moja. Na msikanyage bustani yangu."

Reino aliganda na kitambaa mkononi. Nje watoto wakaangua kicheko. Mmoja akasema, tazama, bundi mkubwa, na ile sauti ikajibu, sasa bila kunguruma, "Mimi ni bundi. Mabawa yangu ni mashati ya babu. Na wewe ni nani?" Mtoto akasema yeye zimamoto. "Haya zimamoto, chukua. Moja nimesema."

Mzee alichungulia kwa pembe ya mlango wa jikoni, akarudisha kichwa haraka. Aliogopa kwamba akionekana tu, litakatika. Signe alikuwa amesimama juu ya kigoda, bakuli kiunoni, mabawa wazi chini ya taa, na hakuna koti lililomficha. Mbele yake mstari wa watoto asiowajua ulishuka ngazi. Mzee Halvorsen mwenyewe alikuwa chini pale na wajukuu zake, akauliza kwa sauti ya kweli ile ile, "Bustani gani hiyo, wakati yote ni theluji?" na Signe akamjibu kwamba iko chini yake, angalia miguu. Halvorsen, ambaye hajacheka tangu tumjue, alisogeza miguu. Maziwa yakachemka yakamwagika jikoni, yakaungua, yakanuka. Reino akayaacha.

Mwisho wa mstari alisimama mwanamke aliyevaa koti refu, na chini ya koti suruali ya bluu ya hospitali. Britt alikuwa ameegesha gari mbali kwa sababu ya theluji, akaja kwa miguu, na alikuwa hapo muda. Angeweza kupita moja kwa moja, ni nyumbani kwao. Hakupita. Alipanga foleni kama wengine mpaka ikafika zamu yake.

Signe alimtazama mama yake kutoka juu ya kigoda. Akakunja uso.

"Na wewe umevaa nini?"

"Muuguzi," Britt alisema.

Signe akampima kutoka viatu mpaka nywele zenye theluji. Akachagua pipi bakulini, akabadilisha, akachagua nyingine, akamtilia mkononi.

"Moja tu," akasema. "Sogea, nyuma yako kuna watu."

Britt akasogea. Akasimama ukingoni mwa baraza na pipi yake, machozi yakimtoka bila kujificha, akawapisha waliokuwa nyuma.