Aliyetunyima Pombe Nakawa

Habari za kifo chake zilinikuta Kitale, Jumatano asubuhi, kwa simu ya binti yake. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia: muzee ametuacha, tunazika kesho saa kumi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mtu wa kutulia mahali, na kwamba mkoba wangu huwa karibu na mlango. Alhamisi alfajiri nilikuwa barabarani. Malaba, mpakani, malori yalikuwa yamejipanga hadi nje ya mji na basi letu likakaa nyuma yake karibu nusu ya siku. Tororo, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira. Njia ile ile iliyonipeleka Kampala nikiwa kijana, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, na katoni mbili za ndala za plastiki za kuuza. Niliposhuka karibu na Mukono na kufika kwake, ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Kaburi lilikuwa limefunikwa na watu walikuwa wanaosha majembe. Nilisimama kando ya mibuni aliyoipanda mwenyewe, nikaona aibu, maana yeye hakuwahi kuchelewa msiba wa mtu.

Nilimfahamu kwenye duka la vinywaji la serikali, upande wa Nakawa. Alikuwa mzee wa kaunta. Baba yake alifanya kazi reli, naye alikulia kwenye nyumba za reli za Nsambya, ndiyo sababu Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko cha majirani zake wengi. Siku hizo bia ilikuwa adimu, na hukuipata kwa kuwa na pesa tu. Ulihitaji chiti ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, inayosema una shughuli gani: harusi, kwanjula ya binti yako anayemleta mchumba nyumbani, au msiba. Yeye alivaa koti la kazi la rangi ya kaki, akasoma kila chiti polepole huku midomo ikicheza, kisha akaamua. Msiba ulitangulia. Hata kama ulikuwa umepanga foleni tangu saa mbili, mfiwa akija unampisha, na ukinung'unika anakuuliza kama ungependa mbadilishane shida.

Sisi Wakenya wanne tuliopanga nyumba moja Nsambya tuliijua desturi hiyo, tukaitumia vibaya. Pasaka moja tuliandika kwamba mjomba wangu amefariki. Mwenyekiti akapiga muhuri bila kuuliza, nasi tukarudi na kreti mbili. Jumamosi alasiri redio ikiwa juu na nyama iko jikoni, mlango ukabishwa. Alikuwa yeye, amevaa kanzu na koti juu yake, ametembea kutoka Nakawa, na kwapani ana lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo Waganda humvika maiti. Mwenzetu mmoja alizima redio na kuanza kulia, kilio kibaya sana, cha mtu asiyejua marehemu aliitwa nani. Mzee aliketi. Alikunywa soda. Aliuliza mjomba aliugua nini, nami nikasema kifua. Akauliza atazikwa wapi, nikasema Kakamega. Alitikisa kichwa, akaacha lubugo juu ya kiti, akaenda zake. Jumatatu niliibeba nguo ile hadi dukani nikiwa nimekosa pa kuficha uso, nikamwambia kweli. Hakuinua hata sauti.

"Weka tu, Kenya," alisema. Hilo ndilo jina aliloniita miaka yote. "Mjomba wako atakufa siku moja, hata kama wewe ulimharakisha."

Sitaki kumfanya malaika, wala kulifanya duka lile hekalu. Kulikuwa na mlango wa nyuma. Gari la mkubwa fulani lilipokuja, kreti zilitoka bila chiti wala foleni, naye aligeukia ukutani akawa anasoma kalenda. Mbele alikuwa simba, nyuma alikuwa mtumishi. Lakini huko mbele alikuwa na uwezo ambao sijauona tena kwa muuzaji yeyote wa pombe: aliweza kumkatalia mtu, na kukataa kwake kukabaki kukataa.

Aliyekataliwa kuliko wote alikuwa fundi cherehani mmoja Mkongomani, aliyeshona kwenye baraza ng'ambo ya barabara. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Angekutazama tu unapita, kesho suti inakukaa kama ngozi. Lakini akionja waragi, ile pombe kali ya Uganda, hakuacha hadi aanguke. Mkewe, aliyeuza sombe, yaani majani ya muhogo, soko la Kalerwe, alikuja siku moja kumwomba mzee asimuuzie mumewe. Mzee aliitikia kwa kichwa, na tangu hapo fundi hakupata hata tone. Mara chiti imepitwa na siku, mara muhuri haukukolea, mara chupa zimekwisha nasi tunaziona kwenye rafu. Fundi alisimama barabarani akatangaza kwamba hajawahi kuona serikali inayoogopa mshona suruali. Watu walicheka, naye akarudi kushona. Kwa miaka kadhaa watoto wake walienda shule kwa kukataliwa kule.

Kisha serikali ikauza. Wakati ule ilikuwa inauza vitu vingi, na duka letu likaenda kwa mfanyabiashara mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alipaka rangi, akaleta jokofu, akafuta chiti, akaanza kufungua saa moja asubuhi. Vipakiti vya waragi vilining'inia dirishani kama nguo za mtoto zikikauka. Mimi nilifurahi na ninasema hivyo bila kuficha: bia ilikuwa baridi, na hakuna ndugu yangu aliyehitaji kufa ili niipate. Mzee wa kaunta alibakizwa kazini kwa kuwa alijua wateja. Aliendelea kumnyima fundi kama zamani, kwa wiki mbili au tatu, mpaka mwenye duka alipoona.

"Muzee, mtu mzima anakuja na pesa yake, wewe unamkataza kama mama yake? Hii duka nilinunua. Muuzie, ama uniachie funguo."

Mzee alikuwa na watoto watano na nyumba ya kupanga. Alimuuzia. Kesho yake akamuuzia tena, akisukuma kipakiti juu ya kaunta bila kumtazama, na fundi akipokea bila kutania. Kwa miezi nilipita pale asubuhi kuchukua bia yangu, nikiliona jambo hilo. Nguo za watu zilianza kutoka mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, fundi hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Asubuhi moja majirani walimkuta barazani, kichwa juu ya cherehani, ameshapoa.

Siku chache baada ya maziko mkewe alikuja dukani, mchana, mimi nikiwa pale kaunta. Alimshukuru mzee kwa kufika msibani. Halafu akasema, taratibu kabisa:

"Baba, siko na kasirani na weye. Kosa ni yangu. Nilizani hii duka iko yako."

Mzee alimsindikiza kwa macho hadi alipovuka barabara. Kisha akavua koti la kaki, akalikunja vizuri, akaweka funguo juu yake, akaniambia bia yangu nikaidai kwa mwenye duka. Akatoka kwa mlango wa mbele. Hakurudi tena, hata kupita njia ile. Alihamia upande wa Mukono akalima kahawa, na nilipomtembelea tuliongea mengine yote isipokuwa hilo.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, na kila mahali nimekuta watu wakibishana kama pombe iuzwe na serikali au na mtu binafsi. Nimewahi kuwa pande zote mbili. Nilichojifunza kwa marehemu ni kwamba mlevi haokolewi na mwenye duka, awe nani. Huokolewa na yule anayemjua kwa jina na anayeweza kukataa bila kupoteza chakula cha watoto wake. Kama hakuna aliyemlinda huyo anayekataa, basi wateja walio karibu naye ndio wanaopaswa kusema. Mzee alikataa akiwa amechelewa, na aliubeba uchelewaji huo hadi kaburini. Mimi nilisimama kando yake asubuhi zote zile, nina chupa baridi mkononi, na sikusema neno.