Vifungo vya Mama Mariamu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, saa nane ya mchana, majirani walipoingia katika lupango letu, ua wa familia, pale Kabondo na mikeka kichwani, wamekuja kumlilia mtu aliyezikwa miaka minne nyuma. Mbele alikuwa Papa Lisimo, fundi wa baiskeli, amebeba viti viwili. Nyuma yake Mama Kalume, Mama Anna Likoke, na mdogo wake Mado, ambaye hakuwahi kukosa matanga hata moja.

"Nani alikufa?" Papa Lisimo akaniuliza.

"Papa Ramazani," nikasema, macho yangu chini.

Akaviweka viti polepole. "Tena?"

Ilikuwa mara ya tatu juma lile, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Bon, nikueleze vizuri. Papa Ramazani alikuwa baba wa mume wangu Saidi, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi. Mke wake, Mama Mariamu, ndiye mama mkwe wangu. Tuliishi nyumba tatu ndani ya ua mmoja: yetu, ile ya Yaya Asumani, kaka mkubwa wa Saidi, na ile ya Yaya Fatuma, dada yao, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Mama alikuwa wa nyumba zote tatu. Asubuhi alikaa kwa Fatuma, mchana kwangu, kulala kwa Asumani. Mimi nilikuwa sijafika miaka ishirini, nimesoma darasa la tatu tu, lakini nilijiona ninajua mambo.

Mama Mariamu alianza kusahau kidogo kidogo. Kwanza chumvi katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, halafu njia ya msikiti, halafu kwamba mume wake amekufa. Siku hizi mnaujua ugonjwa huo, daktari anakueleza ni ubongo unaochoka. Zamani watu walinong'ona mambo mengine, sitaki kuyarudia. Sisi tuliona kitu kimoja tu: kila mchana anasimama mlangoni na kumwuliza kila anayepita, "Ramazani iko wapi? Saa ya kurudia imefika."

Yaya Fatuma alimjibu, "Papa alienda Opala, mama." Yaya Asumani alimjibu, "Iko sokoni, anakuya sasa hivi." Na mimi nilikuwa nimelelewa kutosema uongo, donc nilimwambia kweli: "Mama, papa alikufa." Nilisema hivyo na moyo safi kabisa. Naye alisikia habari ile kama mtu anayeisikia mara ya kwanza. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye udongo, akalia hadi mtaa wote ukasikia. Ndipo mikeka ikaja.

Kesho yake hakulia. Kesho yake alipotea. Tulimtafuta hadi mtoni, tukamkuta ameketi ndani ya mtumbwi wa kuvukia ng'ambo ya Lubunga, mkoba mapajani, anamgombeza mpiga kasia kwa kuchelewa.

"Mama, unaenda wapi?" Fatuma akauliza.

"Opala. Si ni wewe ulisema baba yako iko Opala?"

Kweli, barabara ya Opala inaanzia ng'ambo ile. Akili yake haikuwa imelala yote, mwanangu. Alikuwa amechukua neno tulilompa, akalifuata.

Jioni Yaya Asumani alirudi na kufuli jipya, kubwa kama ngumi. "Tangu kesho mama anabakia ndani. Nitafunga mulango. Musiniambie kitu, sitaki siku moja kumutosha maiti ndani ya maji." Fatuma alilia. Na mimi nilimwona Mama Mariamu anaushika ukuta wa nyumba yetu kwa kiganja, kama mtu anayeaga.

Nyuma ya ua wetu aliishi Mama Esther Lofemba, mkunga mzee aliyemzalisha karibu kila mwanamke mtaani, mimi nikiwemo baadaye. Aliniita kupitia uwazi wa uzio wa matete.

"Amida, kuya hapa. Ramazani alikufa mara ngapi juma hii?"

"Mara tatu, mama."

"Na alisafiri mara ngapi?"

"Sijui. Yaya Fatuma ndiye anamusafirishaka."

"Mutu moja, munamuweka nafasi tatu. Hata mimi mwenye akili yote ningepanda mutumbwi." Akanitazama. "Na anatafuta nini, munajua?"

"Anatafuta bwana yake."

"Ulimuangalia?"

"Minamuangalia kila siku, mama."

"Hapana. Unamujibu. Kujibu na kuangalia haiko kitu moja."

Maneno yale yaliniuma. Nikaenda kwa Yaya Asumani, nikapiga magoti, nikamwomba asubiri hadi Ijumaa.

"Na Ijumaa kutakuwa nini?"

"Sijui, yaya. Minataka kuona tu."

Akacheka. "Huyu wa darasa la tatu anafanya étude, uchunguzi, kama ba universitaire, wasomi ya pori ya Masako, banahesabiaka panya." Lakini alikubali.

Donc nilianza kumwangalia. Siku ya kwanza niliona jambo la saa. Hakuuliza asubuhi, wala jioni. Aliuliza jua lilipogusa ukuta wa jikoni, basi. Siku ya pili niliangalia mikono. Kila alipouliza, kiganja cha kushoto kilifunguka kama kinapokea kitu, na vidole viwili vya kulia vilikwenda mdomoni, vikalowana mate, vikasuguana. Nilijaribu mwenyewe jikoni, natia vidole mdomoni kama mwendawazimu. Saidi akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Papa akirudi mchana, alikuwa analeta nini?"

Alifikiri. "Mashati. Mama anatia vifungo, asubuhi papa anapelekea wenyewe."

Nikakaa chini kwa furaha. Ni uzi. Alikuwa analowesha uzi autie kwenye sindano.

Alhamisi nilichukua shati la Saidi la sikukuu, bila kumwomba, nikang'oa vifungo vyote, nikavitandaza kwenye mkeka pamoja na shati, sindano na uzi. Jua likagusa ukuta. Mama akasimama. "Ramazani iko wapi?"

"Unamutaka Papa Ramazani," nikasema. "Kaa, mama, utuambie habari yake."

Akaliona shati. Akakaa. Akaligeuza. "Hii vifungo, nani alitosha?"

"Ni mimi niliving'oa."

"Vibaya sana. Umepasula kitambaa. Hawakukufundisha kwenu?"

Miezi mingi alikuwa hajanigombeza kama mkwe wake. Niligeuka upande machozi yangu yasionekane. Alishona hadi jioni, akieleza jinsi Ramazani alivyomchumbia kwa gauni lililokuwa fupi mkono mmoja.

Ijumaa Yaya Asumani akaja na kufuli lake. Mama hakuinua kichwa. "Asumani, vua shati. Kifungo ya shingo inalegea." Mtu mzima yule akavua, akabaki na singleti mbele yetu sote, kufuli mkononi, akingojea shati lake. Baadaye kufuli lile lilifunga banda la kuku.

Lakini nisikudanganye kwamba vifungo peke yake vilitosha. Kama mimi nimeona na Fatuma hajui, kesho yake mama angeenda tena Opala. Tulikaa nyumba zote tatu kwenye mkeka mmoja, Mama Esther katikati, tukapatana neno moja la kumjibu, lile nililosema Alhamisi. Tukagawana: Fatuma kuoga, kwa sababu mama alikubali mkono wake tu, Asumani kumtembeza hadi mtoni na kurudi, mimi saa ya jua ukutani. Na kwa kuwa siku zile wengine hatukujua kuandika vizuri, nilitundika uzi mlangoni, anayemaliza kazi anatungia kifungo. Kifungo cheupe, amekula. Cheusi, ameoga. Chekundu, amekunywa dawa yake. Anayeingia anatazama kwanza juu. Mwanzoni tulitundika chini, mama akavichukua akavishonea kwenye pazia.

Hakupona. Mwisho alinisahau jina, akaniita Zena, marehemu dada yake, nami niliitika. Lakini hakufungiwa hata siku moja, na alikufa kitandani mwake, kiganja cha kushoto wazi.

Mwanangu, ninakuandikia haya kwa sababu juzi niliuliza kitu kimoja mara mbili, nikaona mlivyotazamana. Majina ninayo bado, yote, hata ya mpiga kasia: Botende. Kesho sijui. Basi, nikianza kumtafuta marehemu Saidi wangu, msinipe majibu matatu. Kaeni kwanza, nyumba zote, mpatane. Asibebe mmoja peke yake hadi avunjike, na asiseme mmoja asichojua mwingine. Halafu niangalieni. Tazameni ni saa ngapi, tazameni mikono yangu inatafuta nini. Mimi mwenyewe nina hamu ya kujua. Ninafikiri itataka kuchambua sombe, lakini huenda mtaona kitu kingine, na sitakuwapo vizuri ili mnieleze.

Mungu awape macho ya kuangalia na subira ya kukaa mkeka mmoja. Awape na ninyi, mkizeeka, watu wa kuwauliza habari zenu.