Kibao Alichotengeneza Bibi Kule Fisksätra

Juzi nilikwenda Skärholmen, hapa hapa Sweden, kwenye sherehe ya jumuiya yetu ya Kiswahili, na hadi leo kinyongo hakijanitoka. Mwenyekiti, yule yule wa tangu utoto wangu, mzee sasa lakini tai bado inamkaba, alisimama kutuhadithia jinsi alivyotengeneza kile kibao cha jumuiya kilichodumu miaka mingi. Nikanyoosha mkono.

"Mzee, kona zake uliziunganisha vipi?"

Akakohoa. "Kwa umoja, binti yangu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwa umoja! Mtu ambaye hajawahi kuunganisha hata soksi zake mbili!

Sikiliza basi nikueleze. Utotoni mwangu tulikaa Fisksätra, mimi na bibi yangu aliyetoka Bukavu. Jumuiya ilikuwa na chumba chini ya ghorofa letu, mlango wa nyuma, usioonekana kabisa. Jumapili moja ya baridi kali, bibi alimkuta kituoni mama mgeni na mtoto mgongoni, akilia. Alikuwa ametoka Jakobsberg, akazunguka maghorofa yote akitafuta mlango wetu, sasa anangoja treni arudi. Bibi alimleta nyumbani, akamnywesha uji wa moto, kisha akashuka moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Kamati inalifikiria suala la kibao," mwenyekiti alisema. "Lazima kiwe kibao chenye hadhi."

Hadhi yenyewe ilikuja baada ya mikutano isiyohesabika: mbao nene kama mlango wa gereza, wanaume wanne wakihema kuzibeba. Walizipigilia ukutani, mwenyekiti akatoa hotuba. Usiku huo huo upepo ulivuma, asubuhi tukakuta kibao kifudifudi kwenye theluji, na plasta ya ukuta juu yake. Mwenyekiti alilaumu upepo wa Sweden. Mwenye nyumba naye akatoa onyo: kikianguka kingine, chumba kitafungwa.

Kamati ikaitisha mkutano. Bibi akacheka kwa dharau ambayo nadhani ndiyo niliyorithi.

"Acha baongee," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Sisi tutafanya benyewe."

Jirani yetu, mama Mganda aliyekuwa dereva wa basi, alileta msumeno na chaga za kitanda cha zamani, mbao nyembamba, nyepesi, zilizokauka vizuri. Tulifanyia kazi jikoni kwetu, maandazi yakiiva mafutani na harufu ya gundi ikishindana nayo. Mimi nilishika mbao, wao wakakata. Kila ncha waliipunguza nusu ya unene, ili mbao mbili zilaliane bila kinundu. Gundi, skrubu fupi, na ubao mmoja wa mshazari kutoka kona hadi kona ili fremu isipinde. Kisha tukawamba turubai jeupe, nami nikaandika kwa rangi nyekundu: KARIBUNI, MLANGO UKO NYUMA. Bibi alitaka "Mukaribie", jirani akasema "Karibuni" hata Mkenya ataielewa. Mimi nikawajibu kwa Kiswidi kwamba rangi inakauka. Walinicheka wote wawili.

Bibi alikinyanyua kwa mkono mmoja, akashuka nacho kama anabeba ungo, tukakifunga kwa waya kwenye reli ya ngazi. Mwenyekiti alikitazama akasema, "Mbona chepesi hivi?" Siku jumuiya ilipopigwa picha na kibao hicho, hata hivyo, alisimama mbele kabisa, mkono juu ya fremu, bibi akionekana bega tu.

Kibao kilidumu misimu mingi ya baridi, hadi ghorofa lilipopakwa rangi na mafundi wakakitupa. Bibi alikuwa tayari kwenye nyumba ya wazee, ambako hakuna aliyejua lugha yake. Nilimpelekea habari nikidhani atasikitika.

"Na bantu, bangali banakuja?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Ulikuwa ukweli wakati ule. Leo chumba kinawekwa baiskeli, na jumuiya ina ukumbi wa kukodi, nembo, fulana zenye nembo, na kamati ya kusimamia nembo. Mgeni akikosa njia, atumiwe ramani kwenye simu. Kwa jirani sasa anaishi mtu nisiyemjua, na Kiswahili kile cha kukorogeka, cha Bukavu na Kampala, sikisikii tena kwenye ngazi zile. Bibi alifariki kwa amani akiamini watu bado wanakuja, na nashukuru hakuniuliza mara ya pili.