Helmeti Mbili na Mkungu wa Mama

Mume wangu hapakii mtu asiye na helmeti. Awe jirani, awe mchungaji, awe mimi mke wake wa ndoa ya kanisani, sharti ni lile lile. Anafanya kazi hospitalini, kwenye wodi wanakolazwa walioanguka na pikipiki, na anayoyaona huko hayaleti mezani. Analeta sharti tu. Mwanzoni nilimwona mgumu kupita kiasi. Siku hizi watu wakimcheka, mimi ndiye ninayemtetea.

Tunakaa Bukoba mjini. Mama yangu anakaa Kamachumu, peke yake tangu baba alipofariki, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Jumapili ndiyo siku yake. Tukitoka ibadani tunapanda pikipiki, tunashika barabara ya Muleba, tukifika Muhutwe tunakata kupanda mlima, na mama anakuwa ameshaepua chungu. Hali mpaka tufike. Nimemwambia ale, naye anaitikia vizuri kabisa, halafu hali. Magari ya kupanda kule siku ya Jumapili ni ya kubahatisha. La kwenda linangoja lijae, la kurudi hujui kama lipo. Kwa hiyo kumwona mama kulitegemea pikipiki, na pikipiki ilitegemea helmeti mbili.

Ya kwanza iliibiwa kanisani. Ndiyo, kanisani. Kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki, kwa sababu vitu vilivyotolewa sadaka, ndizi, mayai, kuku, miwa, vinanadiwa pale pale nje, na mnada ule una utamu wake: watu wanapandishiana bei huku wanataniana. Siku hiyo mume wangu alimpenda jogoo mmoja mwekundu. Mzee mmoja wa kwaya naye alimtaka, na wanaume wawili wakishaanza kushindania jogoo mbele ya usharika mzima, hakuna anayekumbuka pikipiki. Jogoo tulimpata. Helmeti yangu, tuliyoitundika kwenye kioo cha pembeni, ilikuwa imeshaondoka.

"Leo tu," nilimbembeleza. "Tutakwenda polepole."

"Lami haijui kama ni leo tu," akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye anakokota pikipiki, mimi nimemkumbatia jogoo. Nilimpigia mama simu. Akasema haya, hakuna shida, mwanangu. Jirani yake akaja kuniambia baadaye kwamba chakula kile mama aliwagawia watoto wa jirani jioni, yeye mwenyewe akanywa chai kavu. Nilimkasirikia mwizi, nikamkasirikia mume wangu, nikamkasirikia na jogoo. Tulimla katikati ya wiki na hata hakuwa mtamu.

Tukanunua helmeti nyingine, na safari hii mnyororo. Mume wangu aliupitisha kwenye mikanda ya kidevuni, akafunga kufuli zito, la kufungia mlango wa duka, tukaingia sokoni tukiwa na amani. Mwizi hakuhangaika na kufuli. Alikata mkanda kwa kisu akaenda zake na helmeti, akatuachia kipande cha mkanda kikiwa kimefungwa salama salimini.

Tukanunua ya tatu, na baada ya hapo tulizibeba kila mahali. Msibani tuliketi nazo mapajani kama watu wenye watoto wachanga. Benki mlinzi aliitazama yangu kwa mashaka, akaniambia niiache kwake, nikakataa, tukabaki tunatazamana. Sokoni mikono ilipojaa nilitia dagaa ndani yake, nikijua wamefungwa vizuri kwenye gazeti. Hawakufungwa vizuri. Jumapili ile niliimba nyimbo zote za ibada huku najinusa, na mama aliponikumbatia kule Kamachumu aliniuliza kama nimeanza biashara ya samaki.

Ndipo mume wangu akaleta boksi. Boksi jeusi la kufunga nyuma ya pikipiki, lenye kifuniko na kufuli yake, linalomeza helmeti mbili bila shida. Alilifunga kwenye keria kwa nati akarudi nyuma kulitazama, na mimi nikatoka jikoni tukalitazama pamoja. Tulifurahi kweli. Mvua ikinyesha, helmeti kavu. Mnada ukinoga, sisi tumo. Jumapili tuliondoka mjini kama watu waliomaliza shida zao zote.

Mama alitupokea uani. Alilizunguka boksi, akaligonga kwa vidole.

"Zuri," akasema. Kisha akatuuliza, na mwishoni akatia neno letu la upole. "Na mkungu mtauweka wapi, waitu?"

Tulitazamana mimi na mume wangu. Yeye kwao ni kijijini Kaagya, amekulia migombani kama mimi, na wote wawili tulikuwa tumesahau kitu ambacho mtoto wa kwetu hasahau. Anayekuja kumsalimia mama yake haondoki mikono mitupu. Anafungiwa mkungu wa ndizi kwenye keria. Na mkungu wenyewe ulikuwa pale, umeegemezwa ukutani mwa jiko. Mama alikuwa ameukata asubuhi, ameuzungushia majani makavu ya migomba usichubuke.

Mume wangu alijaribu kuuweka mbele, juu ya tangi. Usukani ukakataa kugeuka. Nikasema nitaupakata, hapakuwa na nafasi ya kupakata mkungu wa namna ile. Mwishowe yeye, kwa nia njema kabisa, akafungua boksi akapendekeza tukate vichane tuvipange mle.

"Mkwe wangu hapewi vichane," mama akasema, "kama mtu aliyepita kuomba."

Alisema kwa upole. Tukaondoka hivyo hivyo, na nilipogeuka nilimwona anaurudisha mkungu jikoni, ameuinamia, anatembea taratibu.

Jumamosi iliyofuata alipiga simu. Tusije kesho, mvua itatutesa. Siku hiyo jua liliwaka mpaka nguo zilizoanikwa zikakakamaa. Wiki nyingine akawa na kikao cha akina mama. Mama yangu hajui kudanganya, na mimi sikuhitaji kuelezwa zaidi. Migomba ndiyo aliyo nayo. Akinifungia mkungu, yeye bado ni mama na mimi bado ninakula kwake. Sisi tulikuwa tumemwendea na pikipiki isiyo na pa kuweka kitu, kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Iliniuma sana, na niliogopa: mtu wa umri wake akishaanza kukuambia usije, anazoea.

Nilimwambia mume wangu haya yote kwa sauti iliyofika kwa majirani. Hakubisha. Alichukua spana akatoka nje, akaling'oa boksi jioni ile ile. Sasa kuku wetu anatagia humo.

Dawa tuliipata kwa kutazama kile kipande cha mkanda kilichokatwa. Mwizi alikata kitambaa. Basi tusifunge penye kitambaa. Tukaachana na helmeti za nusu kichwa, zinazoishia masikioni, tukatafuta zile nzima, zenye ukingo mgumu unaozunguka mpaka kidevuni. Zinaharibu nywele, sisemi uongo. Nimeacha mitindo ya kusimamisha, nasuka mistari tu. Kisha dukani tukapata waya wa chuma uliosokotwa, umevishwa plastiki, unene wake kama kidole. Waya unaingia penye uwazi wa uso, unatokea shingoni, unaingia helmeti ya pili vivyo hivyo, halafu unazungushwa kwenye chuma cha pikipiki chini ya kiti na kufungwa kwa kufuli ndogo. Anayeitaka helmeti aivunje kidevu, na helmeti isiyo na kidevu sijui atamwuzia nani. Juu tunafunika mfuko wa nailoni, maana mvua ya Bukoba haipigi hodi. Zinaning'inia ubavuni, na keria inabaki wazi.

Tulizijaribia kule kule kanisani. Mnada ulikuwa mkali, mume wangu akashindwa na mama mmoja kwenye trei ya mayai, na tulipotoka helmeti zilikuwa mahali pake. Mtu alikuwa amechungulia, mfuko ulikuwa umefunuliwa. Alichungulia akaenda zake.

Sikumpa mama nafasi ya kutaja mvua. Nilipiga simu tukiwa tayari Muhutwe, nikamwambia tunakuja na tuna njaa.

Alipotoka hakutazama helmeti. Alitazama keria, chuma kitupu, akaipapasa. Hakutusalimu vizuri hata. Alichukua panga akaingia kibanjani, na tukasikia mgomba unaanguka. Mume wangu akabaki uani anazungusha waya wake na kufuli, kwa mazoea.

"Huku unamfungia nani?" nikamtania. "Mbuzi?"

Akafunga tu. Ufunguo akauweka mezani, karibu na kikopo cha kahawa ya kutafuna, tukala. Mama alikula sana siku ile, nami nilikuwa nahesabu matonge yake kwa macho bila yeye kujua. Ilipofika saa kumi mume wangu akaanza kutazama saa kama kawaida yake, kwa sababu hapendi kushuka mlima giza likiingia. Mkungu ulishafungwa kwenye keria kwa mipira, mama mwenyewe ameutikisa kuupima. Mume wangu akanyoosha mkono mezani. Ufunguo haupo.

Aliinua sahani. Alipekua mifuko. Aliinama chini ya meza. Mama alikuwa mlangoni anafuta vyombo, hana haraka yoyote.

"Mama," mume wangu akauliza kwa adabu, "hujauona ufunguo wa kufuli?"

"Nimeuona."

Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatuonyesha, akafunga fundo tena.

"Kaa, mkwe wangu. Nimeweka maji ya chai."

Mume wangu alinitazama. Mtu ambaye hasogei hatua moja bila helmeti angefanya nini? Akakaa. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu, nikamwambia mama kwa Kihaya kwamba wezi wote wa Bukoba wameshindwa, ameweza yeye, na kwamba mkungu tumeshaupakia, asiogope, safari hii hatuuachi.

Mama hakucheka. Alileta vikombe, akakaa karibu yangu, akanitengenezea kola ya gauni kama nilipokuwa mdogo.

"Ndizi ningeweza kuwatumia kwa gari la mtu, bojo," akasema. "Huwa nachelewa kuufunga mkungu ili mkae kidogo."

Mume wangu aliivua saa yake akaitia mfukoni. Mama akamimina chai, na hakuna aliyeuliza ufunguo tena.