Picha ya Nafasi Moja

Mimi ndiye niliyeiandika ile programu, kwa hiyo sina wa kumtupia lawama. Miaka ya vita nilikuwa mtengeneza programu wa kampuni ya boti pale Kisangani. Kompyuta yetu ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na skrini mbili za kijani ziliungwa kwayo: moja yangu, nyingine ya dada aliyeandikisha abiria kaunta.

Mafuta ya jenereta yalikuwa ya shida, na mashine ilisoma diski kwa kujikokota. Basi nikabuni ujanja. Mtu akifungua dirisha dogo, tuseme la kuangalia masharti ya mizigo, programu ilihifadhi picha ya skrini iliyokuwa chini yake. Akilifunga, ilirudisha picha ileile bila kusoma diski upya. Ilirudi kufumba na kufumbua, nami nikajisifu mpaka watu wakanichoka.

Asubuhi moja mabomu yalianza kuanguka upande wa Tshopo, nilikoishi na mama yangu. Boti moja ilikuwa inateremka Yanonge, kwa ndugu za mama, na hakuna aliyejua kama kungekuwa na nyingine. Nikafungua orodha ya abiria: imebaki nafasi moja. Papo hapo mfanyabiashara mmoja akanishika na magunia yake. Nikafungua dirisha la mizigo, tukabishana weee. Nilipolifunga, orodha ikarudi. Nafasi moja.

Kwa sheria ya kampuni, jina haliandikwi mpaka msafiri asimame mwenyewe kaunta na kitambulisho chake. Nikatoka mbio, nikapanda toleka, teksi yetu ya baiskeli, hadi nyumbani.

“Mama, nafasi iko. Tuende.”

Mwenye baiskeli alikuwa ameshakimbia, kwa hiyo tulirudi kwa miguu, na ya mama ilikuwa imevimba. Mara mbili tulilala mtaroni. Tulipofika, dada wa kaunta alinitazama kwa huruma.

“Papa, nafasi haiko tena. Ya mwisho nilipatia mama mumoja wa Isangi, wakati ulikuwa unabishana na ule commerçant.”

Nilikuwa nimeamini picha ya zamani, na mama alikuwa amevuka mji mzima chini ya mabomu kwa ajili yake.

Nilikuwa na ruhusa ya kufuta jina lolote. Nikakaa, nikaweka kishale kwenye jina la yule mwanamke. Dada wa kaunta alimwonyesha mama kupitia dirisha la ofisi, ameketi nje juu ya furushi lake.

“Usimutoshe,” akaniambia. “Iko na mutoto mugongoni.”

Nilitaka kumtoa. Naandika hivi bila kujitetea, nilitaka sana. Lakini mama alikuwa amesimama pale ananiangalia, na mkono ukakataa.

Boti ikaondoka. Tulirudi Tshopo taratibu, mama ameniegemea, akinisimulia habari za ndugu zake wa Yanonge kana kwamba tungewaona wiki ijayo. Hakunigombeza hata kwa neno moja. Siku ya pili yake bomu liliangukia jiko letu, naye alikuwa ndani.

Mapigano yalipotulia nilirudi kazini nikasahihisha programu. Ilinichukua mstari mmoja tu: baada ya kurudisha picha, soma diski upya. Dada wa kaunta aliona skrini yake imekuwa nzito, akataka kujua nimebadilisha kwa sababu gani.

“Nani alilalamika?” akaniuliza.

Nikamwambia hakuna aliyelalamika.