Misani kwa Gari

Baba mdogo alikuwa na gari la zamani la mbio, jekundu, la viti viwili, la pekee Kanazi nzima. Wakimbizi walipojaa wilayani kwetu Ngara, malori ya chakula yaliichimba barabara, na gari lile, lilivyo chini, likawa halipiti tena. Hakuliuza. Kila Jumapili alilifuta vumbi, mama mdogo akapanda na kitenge chake kizuri, wakafunga milango. Injini ikanguruma palepale uani. Kisha wakashuka, wakaenda misani kwa miguu. Upuuzi mtupu, nilisema nyumbani.

Jumapili moja, mlangoni pa kanisa, jirani alimuuliza mama mdogo wamefikaje na barabara ile mbovu. Mama mdogo akainama, akakung'uta vumbi viatuni.

"Tumekuja na gari letu," akasema.