Zamu ya Bibi Pasi

Kwa miaka arobaini na mmoja Bibi Pasi alifua na kunyoosha nguo za watu, na hakuna aliyepata kumwona akiogopa maji. Ncha za vidole vyake zilishakunjamana moja kwa moja, hata siku za mapumziko. Shati lililopita mikononi mwake lilirudi kola imesimama wima. Joho la mchungaji alilipiga pasi mwenyewe kila Jumamosi mchana, hakumwachia msaidizi. Na kama hiyo haitoshi, alikuwa mwalimu wa darasa la ubatizo, tena mkali kweli kweli. Aliyepiga miayo alisimama mlangoni mpaka kipindi kiishe. Mwaka wa ishirini huo alikuwa akiwahimiza watu waende majini, na majini kwenyewe yeye hajafika.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Bibi Pasi hakubatizwa. Cheti anacho, kipo kwenye fremu juu ya meza ya kupigia pasi, kina muhuri, sahihi na tarehe. Kilichokosekana ni maji tu.

Ilikuwa hivi. Alipokuwa na miaka tisa, watoto kumi na mmoja wa ukoo walipelekwa kubatizwa kwenye kidimbwi cha mto ule ambao babu wa babu yao, Mkristo wa kwanza wa ukoo, aliufikia baada ya kutembea siku mbili ili abatizwe. Asubuhi hiyo baridi haikuwa na mchezo. Bibi Pasi, ambaye siku hizo hakuwa bibi wala hajashika pasi, alichovya kidole cha mguu, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamnong'oneza binamu yake. Walilingana kimo, magauni yao yalikatwa kwenye jora moja, na vichwa vyote vilifungwa kitambaa cheupe. Alimwahidi nyama yake ya Jumapili nne. Binamu alikuwa mtoto asiyekataa nyama. Akazamishwa kwa jina lake, akazunguka nyuma ya mawe, akapanga foleni tena, akazamishwa kwa jina la mwenzake. Mchungaji wa enzi hizo aliona kwa shida hata kitabu alichokishika. Watoto kumi na mmoja, wamezama mara kumi na moja, kila mtu akaridhika.

Tangu siku hiyo binamu hajafua hata leso. Akitaka shuka zifuliwe, analeta. Akitaka mapazia yanyooshwe kesho yake, anamtazama tu Bibi Pasi, halafu anauliza kwa upole kama cheti bado kipo ukutani. Mapazia yananyooshwa siku hiyo hiyo.

Basi mwaka huu mwana mkubwa wa Bibi Pasi, mpima ardhi, akatangaza safari. Ukoo mzima utatembea njia ile ya babu, siku mbili kwa miguu, na mwisho wa safari binti yake wa miaka tisa atabatizwa kwenye kidimbwi kile kile. Mtoto huyo aliitwa jina la bibi yake, lote, herufi kwa herufi. Bibi Pasi aliposikia, alijifungia stoo akafikiri mpaka akapata la kufanya. Atasimama karibu na mtoto, juu ya jiwe lenye utelezi. Mchungaji akilitaja jina tu, yeye atateleza, atazama, atatoka amelowa na amebatizwa, na watu watamwonea huruma. Mwezi mzima alijizoeza kuanguka kwenye marundo ya mashuka machafu nyuma ya duka lake la kufulia, mlango umefungwa. Msaidizi wake, aliyesikia vishindo tu, alidhani mama wa watu ana kifafa.

Njiani mpima ardhi aliongoza kwa filimbi na ratiba iliyotiwa nailoni. Kila baada ya kilima aliwasimamisha. Hapa babu alipumzika. Hapa babu alitaka kurudi nyumbani. Hapa babu alikaa juu ya jiwe hili, na jiwe, bahati nzuri, kila mara lilikuwa lenye kivuli. Binamu, ambaye maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule, alitembea nyuma kabisa akitafuna kitu.

"Umejiandaa?" binamu alimuuliza Bibi Pasi walipoteremka bondeni siku ya pili asubuhi.

"Kwa lipi?"

"Sijui. Nakuona unatazama mawe sana."

Bibi Pasi akaongeza mwendo.

Kidimbwi kilikuwa vile vile, cha kijani katikati, cheusi pembezoni. Mchungaji alikwishaingia, maji yamemfika kiunoni, midomo inamtetemeka kidogo. Mjukuu akashuka na gauni lake jeupe, akachovya kidole cha mguu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akarudi mbio nyuma ya mawe, alikosimama bibi yake.

"Bibi, haya maji hayaingiliki. Ingia wewe kwa niaba yangu."

"Unasema nini?"

"Jina si moja? Mchungaji hajali, anataka amalize. Mimi nitakukunjia mashuka likizo nzima."

Bibi Pasi aliyatazama maji. Kitu alichokitafuta miaka hamsini na mitano kilikuwa kinamsihi akichukue. Hahitaji hata kuteleza. Atasema mtoto anaogopa, acha nimwoneshe mfano, na jina litatajwa juu ya kichwa chake. Kisha akamtazama mtoto, akamwona akiwa na miaka sitini, mwalimu mkali, ana cheti kwenye fremu na anafua mapazia ya mtu bure. Uchungu ukamshika, uchungu wa kweli, kwa sababu alimpenda mtoto huyu kupita kiasi, na hata hivyo kwa mwezi mzima alikuwa akipanga kumdokolea ubatizo wake.

Akachuchumaa. "Sikiliza. Mimi nilifanya hivyo hivyo, hapa hapa. Bibi yako mpishi alizama kwa ajili yangu. Mimi sijabatizwa mpaka leo."

Mtoto alimkazia macho. Kisha akauliza, "Lakini mimi ulinisimamisha mlangoni?"

"Ulipiga miayo."

"Bibi, hujabatizwa, na ulinisimamisha mlangoni."

"Nilikosea."

"Basi kawaambie. Ukiwaambia, naingia."

Filimbi ililia. Mpima ardhi aliwaita, ratiba imechelewa dakika kumi na mbili. Bibi Pasi alitoka nyuma ya mawe ameshikwa mkono kama anayepelekwa kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele ya wanawe, wakwe, wajukuu na mchungaji anayetetemeka, akayasema yote, hata nyama, hata mashuka ya mazoezi. Mpima ardhi alifungua mdomo, filimbi ikadondoka.

"Ni kweli," binamu alisema kutoka nyuma. "Na nyama nililetewa Jumapili tatu tu."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Bibi Pasi akataka ardhi ipasuke. Mchungaji alimuuliza yale maswali ya darasani. Aliyajibu yote kwa sauti ile ile ya kufundishia, machozi yakimtiririka, na palipokosewa neno alimrekebisha mchungaji.

"Sawa," mchungaji alisema, maana miguu haikuwa yake tena. "Njooni wote wawili. Jina ni moja, nitalitaja mara moja, nitawazamisha pamoja tumalize."

Mtoto aliona hiyo ni akili. Mpima ardhi alitazama saa, naye akaona ni akili. Bibi Pasi alikwishatia mguu majini, na baridi ilimpanda mpaka kwenye fizi. Hakuna aliyetaka limalizike haraka kuliko yeye.

"Hapana," alisema. "Jina hilo ni la mtoto. Langu utalitaja peke yake."

Akamsukuma mjukuu taratibu mbele, akabaki nyuma yake, maji kifuani, meno yakigongana. Na hapo, akiwa na miaka sitini na minne, Bibi Pasi akapanga foleni.